Mrefu Chini ya Ngobyi

Shemeji yangu Matiasi ni mrefu kupita kiasi, na kwetu Kibimba hilo si sifa. Milango yetu ni mifupi, majani ya migomba yameinamia njia, na vilima vyetu havina huruma na miguu mirefu. Shuleni walimwita Mlingoti, na jina likamganda hadi leo ana wajukuu. Mimi Francisca nimeolewa na mdogo wake. Nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo ninayoyasema juu yake sikuhadithiwa na mtu.

Ujana wake alianza seminari ndogo. Baba yake alipofariki akarudi nyumbani kushika jembe, akalima kahawa na maharage kama sisi wote, lakini maneno ya seminari hakuyaacha huko. Parokia ikamfanya katekista wa kigango chetu. Padri ana vigango vingi na barabara mbovu, kwa hiyo Jumapili nyingi ni Matiasi anayesimama mbele yetu. Anafundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Tatizo lake ni kupenda maneno makubwa, na analolipenda kuliko yote ni Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu. Kila Majilio hulitamka taratibu, kwa kulivuta, huku kidole amekinyoosha kuelekea kwenye mabati. Mimi huwa najiuliza mbona habari ya Mungu kushuka chini inaelezwa kwa kidole kinachoonyesha juu. Lakini mimi ni shemeji tu, nani ataniuliza.

Sasa nieleze kuhusu ngobyi, maana bila hiyo hakuna kisa. Ngobyi ni machela yetu ya kusukwa, yenye miti miwili mirefu, nayo hubebwa na wanaume wanne mabegani. Gari halifiki vitongoji vyetu vya mlimani, na mvua ikinyesha hata bodaboda hazipandi. Kwa hiyo mgonjwa hubebwa, na maiti hubebwa. Kila nyumba hutoa bega lake, na kila nyumba hubebwa zamu yake ikifika. Chama cha ngobyi hakina ofisi wala muhuri, lakini watu wanakiogopa kuliko serikali ya kijiji.

Wakishabeba, wabebaji hukaa kuuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya ndizi, mrija ndani. Mwenye nyumba hunywa kwanza ili watu waone haina sumu, kisha mrija unazunguka. Asiyetaka pombe hagombezwi. Anaugusa mrija kwa midomo tu, anampisha mwenzake, na mambo yanaendelea. Hata mimi mwanamke najua hivyo.

Matiasi hakuwa akibeba. Wabebaji lazima walingane urefu, la sivyo ngobyi inalala upande. Zamani, siku ya kumzika bibi Leonsia, vijana walimpa Matiasi mti mmoja. Tulipofika kwenye mteremko bibi wa watu akaanza kuteleza na sanda yake kuelekea kwenye mibuni. Ilikuwa aibu isiyosemeka. Tangu hapo wakamwambia, wewe tangulia na rozari. Kwa hiyo wenzake wanatoa jasho, yeye anatoa sala. Nilimwambia hivyo siku moja, akaninunia.

Jirani yetu mwingine ni Ndizeye. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, na alipokua akapata shamba huku kwetu akaoa Niragira, binti mpole anayejua kucheka. Wanasali na walokole, watu ambao pombe hawaitazami hata ikiwa kwenye mtungi wa jirani. Nduwayo alipofiwa na baba yake, Ndizeye alikuja kubeba kama wengine, na alibeba vizuri, kijana ana mabega. Kisha wakaketi na mtungi. Mrija ulipomfikia, Ndizeye akausukuma kwa mkono.

Alikulia kambini, akalelewa na wachungaji. Hakujua kwamba kwetu kuusukuma mrija ni kumwambia mwenye nyumba, wewe ni mchawi, umetia sumu. Tena alikuwa akimwambia Nduwayo, mwenyekiti wa chama, mwenye udongo wa kaburi la baba yake bado miguuni. Nduwayo hakupiga kelele. Aliondoka pale, na walipokutana tena chama kikapitisha neno moja: asiyekunywa nasi, hatubebani naye. Matiasi alikuwepo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Walimwomba akifunge kikao kwa sala, naye akakifunga.

Mwaka huo mvua za Desemba zilikuja na hasira. Kalavati la kule bondeni lilisombwa, njia ya gari ikakatika, na mto ukabaki kati yetu na barabara. Mkesha wa Krismasi asubuhi tulikuwa kigangoni. Mimi na wanawake wenzangu tulipamba pango la Noeli, na Matiasi alikuwa akiwafundisha wakatekumeni wake, wale wanaojiandaa kubatizwa. Miongoni mwao alikuwemo Kezia, mama wa makamo asiyejua kumeza swali.

"Mwalimu," Kezia alisema, "kama Mungu anaweza yote, kwa nini asituokoe akiwa huko huko juu? Kushuka kulikuwa na lazima gani? Kuzaliwa, kuumwa na njaa, kupigwa, ya nini yote hayo?"

Swali zuri. Matiasi akamjibu kwa muda mrefu sana. Alitaja nafsi na umungu na ubinadamu, kidole kikapanda na kushuka. Mwishoni Kezia akasema, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeomba maji akapewa picha ya kisima.

Hapo ndipo Ndizeye akaingia. Matope yalikuwa yamempanda hadi magotini na hakuwa na kofia kwenye mvua ile.

"Shikamooni," alisema. Hata katika hali ile alitusalimu. "Mke wangu anatokwa damu. Mtoto hatoki. Nimempigia nesi, anasema gari la wagonjwa litatusubiri barabarani, ng'ambo ya mto. Naomba ngobyi."

Niliona Bizimana, mmoja wa watu wa chama aliyekuja kutengeneza mabenchi, akiangalia nyundo yake. Ngobyi ilikuwa kwa Nduwayo, imetundikwa jikoni mwake juu ya moshi isiliwe na wadudu. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alijua neno la chama. Matiasi alishika kitabu chake mkononi, akakifunga, akasema, "Twende kwa mwenyekiti."

Tulikwenda wote, hata Kezia, hata sisi tuliokuwa na maua mikononi. Nduwayo alitoka akasimama mlangoni mwake. Ni mtu mfupi, mpana, mwenye shingo ya ng'ombe dume. Alimsikiliza Ndizeye mpaka mwisho.

"Pole," alisema. "Pole sana, kijana. Lakini chama kilisema. Nikikupa leo, kesho nani atatoa bega lake? Kila mtu atakaa kwake na atakuja siku yake ya shida."

"Mzee, anakufa."

"Nasikia. Na baba yangu alikuwa amekufa siku ile ulipousukuma mrija wangu."

Ndizeye akapiga magoti kwenye matope ya ua ule. "Lete mtungi," alisema. "Lete, mzee wangu. Nitakunywa. Nitaumaliza wote, mbele ya watu wote. Mungu atanisamehe au hatanisamehe, basi. Nipe ngobyi tu."

Mke wa Nduwayo aligeuka kweli kwenda kutafuta mtungi. Nduwayo mwenyewe alikuwa anatazama pembeni, na nadhani kama angepata njia ya kurudi nyuma bila kuonekana angeishika.

"Usinywe," Matiasi alisema.

Wote tukamgeukia.

"Simama, Ndizeye. Hatumuuzii mtu mke wake." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kigangoni. "Nduwayo, kikao chenu nilikifunga kwa sala. Sikupaswa. Nilinyamaza kwa sababu mimi si mbebaji, nikajiambia hayanihusu. Yananihusu." Kisha akainama, maana kwa mlango ule hana njia nyingine, akaingia jikoni kwa mtu bila ruhusa na kutoka na ngobyi mikononi, ikiwa nyeusi kwa masizi.

"Itabebwa na nani?" Nduwayo aliuliza. "Vijana wako mnadani."

"Ndizeye. Gidioni huyu mwanafunzi wangu. Bizimana akitaka. Na mimi."

"Wewe, Mlingoti? Utamwaga mgonjwa wa watu!"

"Nitainama," Matiasi alisema.

Bizimana aliweka nyundo chini. Nduwayo akapaza sauti kwamba ngobyi ni mali ya chama, kwamba ikivunjika mtoni atamjua mtu, kwamba yeye habebi, lakini atafuata nyuma kuilinda. Tukamwacha anasema.

Tulimkuta Niragira amelala kwenye mkeka, uso umepauka, midomo imekauka. Tulimfunga kanga zaidi, tukamlaza. Mimi nilitaka kushika mti mmoja, nikafokewa na Nduwayo kwamba mwanamke hagusi miti ya ngobyi. Miaka hii yote sijaelewa mti unaogopa nini kwa mwanamke, ila haikuwa saa ya kugombana. Gidioni na Ndizeye walishika mbele. Bizimana na Matiasi wakashika nyuma, upande wa kichwa, majani ya mgomba yamekunjwa mabegani mwao.

Wewe unayesoma, simama ujaribu. Kunja magoti nusu kama unayetaka kuketi ukakuta hakuna kigoda. Weka mzigo begani. Sasa tembea, kwenye utelezi, bila kuinuka hata kidogo. Bizimana ni mtu wa kawaida, kichwa chake kinafika kifuani kwa Matiasi. Ili mgonjwa alale sawasawa, Matiasi alipaswa kuupoteza urefu wake wote na kubaki bila huo hadi barabarani.

Mwanzoni hakuweza. Kila tulipofika mahali pa tambarare mwili wake ulijisahau ukanyooka, ngobyi ikalala upande, na Niragira akapiga ukelele ambao bado ninausikia.

"Shuka, Mlingoti!" Bizimana alipiga kelele. "Uzito wote uko kwangu! Shuka!"

Akashuka. Baada ya kitambo akanyooka tena.

"Shuka!"

Tuliteremka hivyo kilima kizima. Matiasi alianza na sala kwa sauti, Salamu Maria moja baada ya nyingine, kama alivyozoea anapotangulia. Nilisikia sala zake zikipungua. Kwanza akaanza kuruka maneno, kisha akabaki anaanzia "Salamu" na kuishia hapo hapo. Halafu zikaisha kabisa. Alibaki akihema tu kwa mdomo wazi, jasho na mvua vikimtiririka puani, uso wake uko karibu na uso wa Niragira kabisa, maana hakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Karibu na bonde Niragira alinyamaza. Kelele ziliniogopesha, lakini ukimya ule uliniogopesha zaidi. Nilikimbia pembeni nikamwita, "Niragira! Mwanangu, niitikie!" Hakuitika. Ndizeye, aliyekuwa mbele na hawezi kugeuka, aliuliza, "Vipi? Mama Francisca, vipi?" Nikamdanganya kwamba amesinzia. Sikujua kama ninamtembeza mume na maiti ya mkewe.

Mtoni maji yalikuwa mekundu na yamejaa. Bizimana alitanguliza mguu kwenye jiwe la ukingoni, jiwe likazunguka, akaanguka vibaya. Ngobyi ikayumba. Matiasi alidaka mti wa pili kwa mkono mwingine, akabaki ameushika upande wote wa nyuma peke yake, magoti yamekunjwa, shingo imesimama mishipa. Bizimana alijaribu kuinuka, kifundo cha mguu kikakataa.

Ndizeye alitazama nyuma, akamwona Nduwayo. Hakumwomba. Alikuwa ameshamwomba mara moja, na nadhani hakuwa na ombi jingine ndani yake. Gari la wagonjwa tuliliona ng'ambo, jeupe, juu ya barabara, karibu kabisa na mbali kabisa.

Nduwayo alitukana tusi ambalo sitaliandika. Akavua koti lake, akanitupia, akaingia kwenye maji na kuuchukua mti wa Bizimana.

"Kumbe hii kazi huiwezi bila mimi," alimwambia Matiasi, "na mimi ni mfupi kuliko Bizimana. Shuka zaidi."

"Nimeshuka."

"Bado. Pita upande huu wenye shimo, mimi nipite kwenye mawe."

Matiasi akaingia upande wenye shimo. Maji yalimfika kifuani. Nilitembea nyuma yao nimeshika kanga za mgonjwa zisibebwe na maji, nikisali kwa hasira, sala ambayo haimo katika kitabu chochote. Nilimwambia Mungu kwamba kama yupo hapa basi yupo, na kama yuko juu anatutazama tu, basi na atazame pengine. Ndivyo nilivyosema. Mnisamehe.

Tulivuka. Nesi na dereva waliteremka kutupokea, wakamtia Niragira garini, Ndizeye akaingia, mlango ukafungwa. Nesi alikuwa amemshika mkono kwenye mapigo na hakutuambia kitu. Gari likaondoka. Gidioni alijilaza kwenye majani. Nduwayo alisimama na kukunja nguo zake maji yatoke. Matiasi alibaki vile vile, ameinama, magoti hayanyooki. Tulimshika mimi na Kezia tukamkalisha kando ya barabara, akaanza kulia mbele ya watu bila kujificha.

Habari ilitufikia asubuhi ya Krismasi kwa simu ya Ndizeye. Walimpasua, wakampa damu, na mama yuko hai. Mtoto hakuwa hai. Alikuwa wa kike.

Matiasi aliongoza ibada akiwa ameketi, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Ilipofika zamu ya mahubiri alifungua kitabu, akakitazama, akakifunga. Alitutangazia kwamba Niragira yu hai na mwanawe amekufa, akatuomba tuimbe. Tuliimba vibaya. Nduwayo hakuwepo. Alikuwa ameenda na jembe kwa Ndizeye, na mtoto alipoletwa kaburi lilikuwa tayari, dogo, limechimbwa vizuri. Hakuna mtungi uliotolewa siku hiyo. Mke wa Nduwayo alileta chai, ikanywewa na wote.

Siku iliyofuata tulikwenda hospitali, mimi na Matiasi na fimbo yake. Alikuwa ameandaa maneno. Nilimsikia akiyajaribu kwa sauti ya chini njia nzima, maneno juu ya mapenzi ya Mungu na malaika wadogo, na nilitaka kumkataza nikamwonea huruma. Mtu hubeba alicho nacho.

Niragira alikuwa ameelekea ukutani. Matiasi alisimama juu yake, mrefu vile, akakohoa kusafisha koo.

"Mwalimu," Niragira alisema kabla hajaanza. Hakugeuka. "Pale njiani nilikuwa nasikia. Nilishindwa kuwajibu, lakini nilisikia yote. Niliwasikia wakikuambia shuka, shuka. Nilisikia na sala zako. Kisha sala zikakatika, nikajiambia, basi, nimekufa, au mmeniweka chini mkaondoka. Nikawa nataka kulala."

Alivuta shuka hadi begani.

"Halafu nikasikia unahema. Hapa, sikioni. Unahema kama mtu anayekufa na yeye. Nikasema nitavuta pumzi akivuta, nitashusha akishusha. Nilifanya hivyo hadi garini. Mwanangu nimempoteza, hilo hakuna wa kuniondolea, na usiniambie kitu juu yake. Lakini ungekuwa mbele na rozari yako kama siku zote, mwalimu, mimi ningelala."

Matiasi alifungua mdomo. Maneno yake yote yalikuwa pale, niliyajua, nilikuwa nimeyasikia tangu Kibimba. Hakulitoa hata moja. Aliegemeza fimbo ukutani, akashika ukingo wa kitanda, akajishusha taratibu kwa magoti yale yaliyovimba huku anauma meno, mpaka akakaa sakafuni na kichwa chake kikawa sawa na mto wa Niragira. Niragira akageuka kutoka ukutani na kumtazama. Walikaa hivyo, wanapumua, mpaka muuguzi alipokuja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.